Kutoa Chumvi kwa Stima Kidogo: Mwongozo Kamili kwa Mwenye Mashine ya Maji ya Bahari Mombasa

Ingia chumba cha pampu mashine ikiwa inafanya kazi, usimame karibu na valvu ya brini, yaani maji yanayobaki na chumvi yote baada ya maji matamu kutolewa. Ukisikia mluzi, hiyo ni stima yako inalia. Maji yale yamesukumwa hadi presha ya bar 50 na kitu, yamepita kando ya tando, zile ngozi nyembamba zinazopitisha maji na kuzuia chumvi, na sasa yanaachiwa yarudi baharini na karibu nguvu zote yakiwa nazo bado. Nimewahi kuona nyumba moja ya wageni pwani ya kaskazini iliyojaza paneli za sola paa zima, na mluzi uko pale pale. Jua lilikuwa likilisha valvu.

Mwongozo huu nimeuandikia wenye mashine ndogo na za kati: hoteli ya Shanzu au Diani, majumba ya kupanga Nyali, kituo cha kuuza maji Likoni. Maji ya mfereji Mombasa yanatoka mbali, Mzima kule Taita Taveta, Baricho kwenye mto Sabaki, Marere na Tiwi upande wa Kwale, na yakifika huja kwa mgao. Kwa hiyo mtu anaitazama bahari iliyo mlangoni, ananunua mashine ya RO, yaani ya kusukuma maji kwa presha kupitia tando ili chumvi ibaki nyuma, halafu bili ya kwanza ya stima inamshtua. Mara nyingi bili hiyo hupungua hadi nusu au chini ya hapo, lakini kuna mpangilio wa kufuata. Ukianzia mwisho utalipa mara mbili.

Kwanza, hesabu moja ya kubeba kichwani

Maji ya bahari yetu yana takriban gramu 35 za chumvi kwa kila lita. Chumvi hiyo huvuta maji kwa nguvu ya karibu bar 27, na maji hayatapita kwenye utando mpaka uizidi. Kadiri unavyotoa maji matamu, yanayobaki yanazidi chumvi, na mvuto nao unapanda. Ndiyo maana mashine za bahari hufanya kazi kati ya bar 50 na 65.

Hesabu yenyewe ni hii: chukua mita za ujazo zinazosukumwa kwa saa, zidisha kwa presha ya bar, gawanya kwa 36. Unapata kilowati za maji yenyewe. Kisha gawanya tena kwa ufanisi wa pampu na mota, kwa sababu hakuna pampu inayotoa yote inayoyala.

Hata mashine isiyopoteza chochote, ikitoa nusu ya maji ya bahari yawe matamu, itahitaji yuniti 1 ya stima (kilowati 1 kwa saa nzima) na ushei kwa kila mita ya ujazo, yaani lita 1,000 au mitungi 50 ya lita 20. Hiyo ni sheria ya maumbile, haibembelezwi. Mitambo mikubwa ya kisasa hutumia kati ya yuniti 2.5 na 3.5 kwa kila kitu, tangu kuchota hadi kutoa. Mashine ndogo zisizorudisha presha hutumia 6, 8, hata zaidi. Pengo hilo ndilo shamba letu la kulima.

Hatua ya 1: Pima, uandike

Mali bila daftari huisha bila habari, na hapa habari zenyewe ni chache tu. Funga mita ya stima ya mashine peke yake, isichanganywe na friji na viyoyozi. Funga mita ya maji kwenye bomba la maji matamu na nyingine kwenye brini. Geji za presha ziwe nne: kabla na baada ya filta ya mwisho, kabla na baada ya tando. Ongeza kipimajoto na kipimo cha chumvi cha mkononi. Kila siku, saa ile ile, mtu mmoja asome na kuandika kwenye daftari gumu. Simu hupotea na hubadilishwa, daftari linabaki limening'inia ukutani.

Baada ya wiki mbili gawanya yuniti kwa mita za ujazo za maji matamu. Namba hiyo ndiyo utakayopigana nayo.

Tuchukue mfano tutakaoenda nao hadi mwisho. Mashine inatoa mita 4 za ujazo za maji matamu kwa saa, na inachota 11.4, maana yake asilimia 35 inakuwa matamu na 7.4 inarudi kama brini. Presha ni bar 58. Kwa hesabu yetu, 11.4 mara 58 gawanya kwa 36 ni kilowati 18.4. Pampu ni ya kawaida ya hatua nyingi, ufanisi wake asilimia 70, mota asilimia 90: mita ya stima itasoma kilowati 29 hivi. Ukigawanya kwa 4 unapata yuniti 7.3 kwa mita ya ujazo, kabla hujahesabu pampu ya kuchota. Katika zile kilowati 18.4, zaidi ya 11 zinatoka na brini. Ndio ule mluzi.

Hatua ya 2: Jiulize kama ni lazima iwe bahari

Yuniti ya bei nafuu kuliko zote ni ile ya maji usiyoyatoa chumvi. Majumba mengi ya Mombasa yana kisima cha maji ya chumvichumvi kwa ajili ya choo na kuosha ua, na mifereji yake iko peke yake. Kama hoteli yako inasukuma maji ya RO kwenye vyoo, rekebisha hilo kwanza, kabla ya kifaa chochote. Pita pia usiku wa manane, mifereji yote ikiwa imefungwa, usome mita: ikiendelea kuzunguka, una bomba linalovuja maji uliyoyalipia kwa bar 58.

Kisha pima chumvi ya kisima. Maji yenye gramu 4 kwa lita yana mvuto wa bar 3 hivi badala ya 27, na mashine ya maji kama hayo huweza kutumia yuniti 1 au pungufu kwa mita ya ujazo. Ni tofauti kubwa mno kuipuuza.

Ila usikinyonye kisima kama mrija. Katika miamba yetu ya matumbawe maji matamu yanaelea juu ya maji ya bahari. Kanuni inayojulikana kwa wataalamu wa maji ya ardhini inasema kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari inashikilia takriban mita 40 chini yake, kwa hiyo ukishusha kiasi kidogo juu, chumvi inapanda kwa kasi kutoka chini. Vuta polepole kwa saa nyingi, pima chumvi kila wiki, na ikipanda punguza. Kisima kinahitaji kibali cha mamlaka ya rasilimali za maji, WRA, na kumwaga brini ni suala la NEMA, mamlaka ya mazingira. Shughulikia karatasi hizo mapema. Na kwa kuwa mji una vyoo vingi vya shimo, peleka sampuli maabara ipimwe vijidudu pia.

Hatua ya 3: Chota mahali na wakati unaofaa

Wavuvi wanajua jambo ambalo wauza mashine wengi hawalijui: bahari si moja. Wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Maji yakipwa, bomba lililowekwa ndani ya mwamba hunyonya maji ya moto yaliyotuama, yenye chumvi zaidi, mchanga na majani ya bahari. Pampu inahangaika kuvuta kutoka chini zaidi, filta zinaziba, presha inapanda. Saa chache baadaye maji yakijaa, kila kitu kinatulia. Kama una tangi la kutosha, simamisha mashine maji yanapokupwa sana siku za bamvua. Siku za maji mafu huna haja ya kujisumbua.

Njia bora zaidi kwa ukubwa huu ni kisima cha ufukweni, kinachochimbwa karibu na maji ili mchanga na matumbawe viwe filta ya kwanza. Maji hutoka meupe hata kusi ikivuruga bahari au masika yakileta matope.

Angalia pia bomba la brini linamwaga wapi. Nimekuta mahali linamwaga hatua chache kutoka bomba la kuchota, ndani ya lagunu ile ile. Mwenye mashine alikuwa akiitoa chumvi ile ile mara mbili na kulipa mara mbili. Kila gramu 1 inayoongezeka kwa lita inakudai karibu bar 1 zaidi pale mwanzo, na zaidi ya hapo kwenye tando za mwisho. Itoe brini kwenye maji yanayotembea, mbali na mikoko, matumbawe na mdomo wa bomba lako.

Hatua ya 4: Usafi

Utando mchafu ni kama mtu anayepumua kupitia kitambaa chenye matope. Pampu inaongeza presha ili upate maji yale yale, na kwa kuwa inaongezeka kidogo kidogo, hakuna anayeona. Daftari ndilo linaloona.

Maji yanayoingia kwenye tando yapimwe kiwango cha uchafu, kipimo kinachoitwa SDI. Watengenezaji huweka kikomo cha 5. Wewe lenga chini ya 3. Kama hufikii, tatizo liko kwenye filta ya mchanga: mara nyingi haioshwi kwa kugeuza maji, au mchanga wake umeshakuwa donge. Filta ya mwisho ya maikroni 5 ibadilishwe tofauti ya presha ikikaribia bar 1. Kuibakisha ili kuokoa bei ya filta ni kuokoa peni na kuchoma noti.

Osha tando moja ya dalili hizi inapotokea, ukilinganisha na siku zilipokuwa mpya, kwa joto na presha ile ile: maji matamu yamepungua kwa asilimia 10, au tofauti ya presha kati ya kuingia na kutoka imepanda kwa asilimia 15, au chumvi inayopita imeongezeka kwa asilimia 10. Kwa maji ya bahari anza na dawa ya alkali kuondoa utelezi wa viumbe, suuza, kisha asidi ya ndimu kuondoa chokaa na kutu. Ukianza na asidi, utelezi ule unaweza kugandamana zaidi. Joto na pH zisivuke viwango vya karatasi ya mtengenezaji.

Klorini nayo nina deni la kuisema. Mwaka wangu wa pili kazini niliua tando 6 kwa siku chache. Tulitia klorini kwenye bomba la kuchota ili kuua viumbe, na pampu ndogo ya metabisulfaiti ya sodiamu, dawa inayoondoa klorini, ikawa imeingia hewa bila mtu kujua. Maji yalitoka mengi sana, nikafurahi. Yalikuwa mengi kwa sababu utando ulikuwa umeungua. Tangu siku hiyo hupima klorini mwenyewe kabla ya tando, na nataka isomeke sifuri.

Hatua ya 5: Rudisha presha ya brini

Hapa ndipo pesa ilipo, na hapa ningetumia bajeti yangu ya kwanza kubwa.

Kuna namna tatu. Ya zamani ni gurudumu la Pelton: brini inapiga vikombe, vikombe vinazungusha shafti inayosaidia mota. Ya pili ni tabo, ambapo brini inazungusha bawa linaloongeza presha ya maji yanayoingia. Ni imara na rahisi kutunza, lakini kila mara nguvu inapobadilishwa kuwa mzunguko na kurudishwa kuwa presha, sehemu inapotea. Ya tatu ni kibadilisha presha. Ndani yake brini inasukuma maji mapya ya bahari moja kwa moja ndani ya vijia vidogo, kama pistoni ya maji inayosukuma maji. Vilivyo vizuri hurudisha zaidi ya asilimia 95. Brini kidogo huchanganyika na maji mapya, kwa hiyo chumvi inayoingia kwenye tando inapanda kwa asilimia 2 au 3. Ni gharama ndogo. Kwa mashine ndogo sana, za boti na nyumba ya wageni, zipo pampu za pistoni zilizounganishwa na kirudisha presha ndani ya kifaa kimoja.

Rudi kwenye mfano. Ukiwa na kibadilisha presha, pampu kubwa haisukumi tena 11.4. Inasukuma maji matamu tu na kidogo cha kufidia mvujo, tuseme 4.2 kwa saa. Kwa bar 59 ni kilowati 6.9 za maji. Ukiweka pampu ya pistoni yenye ufanisi wa asilimia 88 na mota ya 92, mita itasoma 8.5. Ongeza pampu ndogo ya kuzungusha inayofidia bar 2 au 3 zilizopotea njiani, kilowati 1.2 hivi. Jumla 9.7, yaani yuniti 2.4 kwa mita ya ujazo badala ya 7.3. Pampu ya kuchota ikiongezwa unafika kama 3.

Umeona kuwa pampu kubwa ya zamani haifai tena? Wengi hukwama hapo: wananunua kibadilisha presha na kubaki na pampu ya mita 11, halafu wanalalamika. Vifaa hivi viwili hununuliwa pamoja. Na usimruhusu mtu akuletee vyuma vya kawaida vya stenlesi kwenye upande wa presha kubwa. Hata ile 316 hutoboka katika maji moto ya bahari yetu. Omba supa dupleksi, aina ya stenlesi inayostahimili chumvi zaidi.

Ukishafunga kifaa hiki, usikimbilie kutoa maji mengi zaidi kwa kila tone. Bila kurudisha presha, kutoa asilimia kubwa kulikuwa na maana kwani kila brini ilikuwa hasara. Sasa brini inalipa yenyewe. Bakia kati ya asilimia 35 na 42, tando zitapumua.

Hatua ya 6: Tando za kutosha, presha ya kutosha

Katika mfano wetu tando 6 zenye eneo la mita 37 za mraba kila moja zinabebeshwa lita 18 kwa kila mita ya mraba kwa saa. Ni mzigo mkubwa kwa maji ya bahari wazi. Ongeza mbili ziwe 8 na mzigo unashuka hadi 13.5, presha hushuka kwa bar 3 hadi 5 na uchafu unapungua kasi. Utando ununuliwao leo hupunguza bili kila siku kwa miaka kadhaa.

Joto la bahari yetu ni neema iliyo na masharti. Kila nyuzi 1 inapopanda, utando hupitisha takriban asilimia 3 zaidi, lakini chumvi nayo hupita zaidi. Kwa hiyo chagua tando zinazozuia chumvi vizuri, na kaskazi maji yakiwa moto ushushe presha. Mafundi wengi hukaza valvu mara moja siku ya kukabidhi mashine na kuiacha hivyo mwaka mzima. Badala ya kubana maji kwa valvu, tumia kifaa cha kurekebisha mwendo wa mota, wengi wetu tunakiita VFD. Pampu inayotoa bar 65 kisha valvu ikaikata hadi 55 inatupa zaidi ya sehemu moja kati ya saba ya stima.

Hatua ya 7: Saa za kuendesha

Soma bili yako mstari kwa mstari. Kama tozo yako ina bei nafuu ya usiku, panga mashine kati ya saa nne usiku na saa kumi na mbili asubuhi kadiri inavyowezekana. Kama unalipia kilele cha matumizi, usiwashe pampu kubwa pamoja na mashine za kufulia na viyoyozi vyote. Na kama mota zako zinashusha kipengele cha nguvu (power factor, sehemu ya stima unayovuta ambayo inafanya kazi kweli) chini ya 0.9 kuna faini. Kapasita zinaiondoa kwa bei ndogo.

Tangi ndilo betri. Lita 60,000 juu ya mnara haziozi kama betri za lithiamu na hazihitaji mtaalamu.

Kila unapozima, suuza tando kwa maji matamu mpaka chumvi itoke. Ukiwasha, pandisha presha taratibu, isizidi bar 0.7 kwa sekunde.

Hatua ya 8: Sasa ndio sola

Kilowati 1 ya paneli Mombasa hutoa takriban yuniti 4 kwa siku ukishatoa hasara za joto na nyaya. Mashine yetu ikitoa mita 60 za ujazo kwa siku kwa yuniti 7.9 kila moja, pamoja na kuchota, inahitaji yuniti 474, yaani paneli za kilowati 118. Kwa yuniti 3 inahitaji 180, na kilowati 45 zinatosha. Zile 73 za tofauti ni paa lote la yule jamaa mwenye nyumba ya wageni.

Mashine ya sola kwa maji ya bahari si ndoto: Kiunga, kaskazini mwa Lamu, ilifungwa moja mwaka 2018 ikaanza kazi. Hapa mjini ni rahisi zaidi, unaweza kuchanganya jua la mchana na stima ya usiku ili mashine isiwashwe na kuzimwa kila wingu linapopita. Paneli zipanguswe alfajiri kabla hazijapata moto. Chumvi ya upepo hushika kama gundi.

Unapoandika mkataba na fundi, weka kipengele kimoja: awamu ya mwisho ya malipo itatolewa siku 30 baada ya kazi, kwa kusoma mita ile ile, kwenye daftari lile lile, na namba ya yuniti kwa mita ya ujazo iwe ile mliyokubaliana. Fundi anayejua kazi yake atatia sahihi bila kusita.